Mbwa Aliyekataa Kuja Nilipomwita

Nakumbuka siku niliyomwita mbwa wangu mara tatu, naye akanisikia vizuri kabisa, akakataa kuja. Mwanangu, hadi leo nikiikumbuka mwili unanisisimka. Lakini ngoja nianzie nyuma kidogo, kwenye aibu yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mbishi, najua kila kitu. Nilitoka kwetu Masama nikaenda kuishi na shangazi yangu kule tambarare, chini ya Sanya Juu, alikofuga mbuzi kumi na mmoja. Hakuwa na mume, wala kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba, cha kurudia mlimani. Mbuzi wale ndio waliokuwa maisha yake.

Sisi wa mlimani tumezoea mbuzi wa bandani, wa kukatiwa majani, na mbwa tunamfunga mnyororo alinde mlango. Kwa hiyo shangazi alipoleta mtoto wa mbwa, chotara, mama yake mbwa wetu wa kawaida na baba yake jibwa la kigeni lenye manyoya kama blanketi, nikajua ni wa nyumba. Shangazi akamweka zizini. Alisema ale huko, alale huko, akue na mbuzi ili awalinde, na nisimzoeshe jikoni.

Nilimwona shangazi mkatili. Mbwa alipolia nilimtoa kisirisiri, nikamlisha machalari ya ndizi kutoka sahani yangu, nikamlaza miguuni pangu. Nikampa jina la Bobi. Akakua akinifuata kila mahali, nami nikajisifu kwamba najua kufuga.

Mchana mmoja machungani nilishikwa na kiu. Nikamwachia Bobi mbuzi, nikakimbilia nyumbani mara moja. Nilipofika mlangoni nikageuka, nikamkuta nyuma yangu anatikisa mkia. Tuliporudi, mbweha walikuwa wameshaua watoto wawili wa mbuzi. Nikaokota fimbo nimpige. Shangazi, aliyekuwa amesikia kelele akaja, alinishika mkono.

"Mbwa hana kosa," alisema taratibu. "Umemfundisha kukupenda wewe, naye amefuata anachokipenda. Mimi nimebaki na tisa."

Mwanangu, afadhali angenichapa.

Kuanzia siku hiyo Bobi alihamia zizini moja kwa moja. Mbuzi walimpiga pembe mwanzoni, hasa jike moja jeusi lenye roho mbaya, mpaka akajifunza kulala chini na kusubiri. Mimi nilipita na chakula chake nikiangalia pembeni, machozi yananilenga. Miezi ikapita hivyo. Siku moja nikamwona yule jike mweusi amelala, na Bobi amemlazia kichwa mgongoni.

Ndipo ikaja ile siku. Ilikuwa masika, ukungu umeshuka kutoka mlimani hadi kwenye majani. Nilifika nyumbani na kundi ndipo nikagundua yule jike mweusi hayupo, wala Bobi. Tukatoka kutafuta, mimi na shangazi.

Tuliwakuta chini ya mgunga. Jike alikuwa amezaa mapacha, wamelowa, hawajasimama bado. Bobi amesimama mbele yao, sikio limechanika, damu inachuruzika na mvua. Matope yote kuwazunguka yalijaa nyayo za mbweha, lakini hakuna hata unyayo mmoja uliofika kwa wale watoto. Nikamwita. Akanitazama, mkia ukatikisika kidogo, kisha akageuza uso kuelekea vichakani. Nikamwita tena, na tena. Hakuondoka mpaka watoto waliponyonya na mama yao akaanza kutembea, naye akawafuata nyuma kwa mwendo wao wa kuyumbayumba. Shangazi alivua kilemba chake, akakishika mkononi kama mwanamume avuavyo kofia kanisani. Nilikuwa nimeona jambo kubwa kuliko mimi.

Sasa wewe umenunua mbwa wako kule Himo, awalinde mbuzi wako, na kila ukija unanionyesha picha zake kwenye simu, amefunikwa sweta lako. Nimecheka, ni mzuri kweli. Lakini mrudishe zizini leo. Mpende akiwa kule kule, mpelekee chakula kati ya mbuzi, mguse huko huko, na akilia usimtoe. Kitu ulichokipa kazi kubwa usikiombe kikupende wewe kwanza. Hata watoto utakaowazaa, siku moja utawaita wakiwa kazini kwao, wasije. Usinung'unike.

Mungu akujalie mbuzi wanaozaa mapacha, akupe kifua cha kustahimili kilio cha mtoto wa mbwa, na siku utakapomwita akakataa kuja, akufumbue macho uone anachokilinda.