Waliomgombania Mwalimu Mwaija

Mwalimu Mwaija alikuwa na ombi moja tu duniani: aachwe afundishe palepale Kiwangwa. Mama yake, Bi Sikuzani, alikuwa amepofushwa na kisukari, na sindano ya insulini asubuhi na jioni alichomwa na Mwaija, mwanawe wa pekee. Siku mama alipozidiwa, Mwaija alimuaga mwalimu mkuu kwa mdomo, akamkimbiza hospitali Bagamoyo. Aliporudi akakuta mkuu yuleyule kamshtaki kwa utoro, na minong'ono imeenea kwamba atahamishiwa Saadani, mbali na mama yake.

Akakimbilia chama cha walimu, kile cha zamani, kilichokuwa kikimkata mshahara tangu ujana wake. Sasa hapo ndipo penye uchungu. Mwenyekiti wa chama wilayani, Mzee Hamidu, naye alikuwa mwalimu mkuu. Katibu wake, mwalimu mkuu. Yaani mwalimu wa darasani akionewa na mkuu wake, akalalamike kwa mkuu mwingine! Hamidu alimsikiliza kwa upole wote, kisha akamwambia, "Mwanangu, nenda kamwombe radhi mkuu wako, yaishe." Aombe radhi kwa kumuuguza mama!

Ni mambo ya namna hiyo yaliyomfanya Majaliwa, mwalimu wa hesabu aliyekaa naye meza moja, aondoke na nusu ya walimu kwenda kufungua tawi la chama kipya. Huku, alisema, hakuna mkuu wa shule atakayekalia kiti. Mwaija akamfuata. Watu waliokuwa wakifuturu sahani moja Ramadhani nzima sasa wakawa wanapishana mlangoni kama hawajuani.

"Dada Mwaija," Majaliwa alimwahidi, "siku ya kikao cha nidhamu huingii peke yako. Wallahi."

Siku ilipofika, alikuja kweli. Balaa ni kwamba na Mzee Hamidu alikuja, na wajumbe wake, maana alikuwa amesikia chama kipya kinataka kujijengea jina kwa kesi hii. Karani akawatangazia kwamba kanuni inaruhusu mtu mmoja tu wa kumsindikiza mshtakiwa. Basi watu wazima na akili zao wakaanza kukunjana mashati.

"Huyu bado tunamkata mchango, ni wetu!" alifoka Hamidu.

"Mnamkata kwa nguvu! Mwenyewe alishawakimbia!" Majaliwa akajibu.

Mwenyewe alikuwa amesimama katikati yao, na hakuna aliyemwuliza kitu.

"Jamani, aingie yeyote," Mwaija aliwasihi. "Mama yangu hana mwingine." Hawakumsikia.

Alipoitwa, akaingia peke yake. Mwenyekiti wa kikao akamwuliza mwakilishi wake yuko wapi.

"Wako nje, wananigombania."

Wajumbe wakacheka. Mwaija hakucheka. Alijieleza, lakini hakujua kwamba angeweza kudai mwalimu mkuu aitwe, aulizwe mbele yao kama hakuagwa. Mwakilishi yeyote, hata aliye mzembe, angelijua hilo. Uamuzi ukatolewa siku hiyohiyo: hafukuzwi kazi, ila anahamishiwa Saadani.

Kabla hajafika kituo cha basi, Majaliwa alikwishatuma ujumbe kwenye kundi la simu la walimu: chama kipya chaokoa ajira ya mwalimu. Hamidu naye akatuma wake, pamoja na picha ya Mwaija akiwa mlangoni. Pongezi zikamiminika kila upande. Aibu hawana hata chembe.

Jioni, Bi Sikuzani alimsikia bintiye akikunja nguo na kuzipanga kwenye begi.

"Nani kashinda, mwanangu?"

"Vyama, mama. Vyote viwili."

Bi Sikuzani akapandisha mkono wa gauni kama alivyozoea kila jioni.

"Basi kamwite jirani, Esha, umwelekeze namna ya kunichoma," alisema. "Nianze kuuzoea mkono wake wewe ungalipo hapa."