Kopo la Stakabadhi Kwapani mwa Baba

Pamba ikichovywa kwenye mawese ya moto hutoa harufu nzito ya chakula kisicholiwa. Mimi niliyeishia darasa la saba leo nina maboti matatu ya dagaa pale Bangwe, na vijana wenye vyeti vyao ndio ninaowaajiri. Lakini mafundi wangu wakianza kuziba nyufa kwa pamba hiyo, najiona niko tena darasa la sita, Ujiji.

Baba alikuwa fundi mitumbwi. Babu yake alivuka ziwa kutoka ng'ambo, Kongo. Sisi wengine wote tulizaliwa huku. Mteja akija kukagua kazi, baba alimpisha agonge mbao atakavyo, aulize atakacho. "Fundi asiyetaka kuulizwa," alikuwa akisema, "mtumbwi wake unavuja." Siku zile redioni watu ndiyo kwanza wameanza kubishana habari za vyama vingi, na baba, akiwa ndani kwake, akaanza kuutumia msemo ule kuwasema wakubwa wa chama. Mama alikuwa akiinuka kufunga dirisha.

Shuleni Ijumaa ilikuwa siku ya mdahalo. Mwalimu akaandika hoja ubaoni: chama kimoja kinatutosha. Waliokaa upande wa dirisha waunge mkono, wa upande wa ukuta wapinge. Mimi nilikuwa wa ukutani. Wenzangu wakainamisha vichwa kama wanaotafuta sindano. Basi mimi, ambaye mdomo ninao tangu utotoni, nikasimama.

"Baba yangu anasema chama ni kama fundi. Asiyetaka kuulizwa, mtumbwi wake unavuja."

Darasa likacheka, makofi yakapigwa, nikakaa nimevimba kama chura. Ndipo nikamwona mwalimu mkuu mlangoni. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Aliniuliza taratibu, "Baba yako ni mwenyeji wa wapi?"

"Ujiji, mwalimu."

"Asili yake, nauliza."

Nikatazama ubaoni.

"Jumatatu uje naye."

Njiani Sudi, niliyekaa naye dawati moja, alinisindikiza kwa kicheko. "Jifunze kupiga kasia, Mkongo. Mnarudishwa ng'ambo." Tulitaniana hivyo kila siku, ila siku ile niliongeza hatua nikamwacha nyuma.

Maana kwetu Kigoma mtu akisema sana, huulizwa babu yake alizaliwa wapi. Nilipofikisha ujumbe, baba aliweka nyundo chini. Mama hata hakunigombeza. Alivuta kopo la maziwa ya unga uvunguni mwa kitanda, akaanza kupanga mkekani stakabadhi za kodi za babu, ushahidi pekee kwamba sisi ni wa huku, zimeliwa na mende pembeni.

"Hii inasomeka. Hii haisomeki, baba Saidi."

"Iweke hivyo hivyo."

Siku mbili nyumba nzima ilinong'ona. Ugali niliuacha sahanini, mimi ambaye sikuwahi kubakiza.

Jumatatu baba alivaa shati lake jeupe, kopo kwapani. Ofisini mwalimu mkuu akauliza, "Fundi, haya maneno ni yako?"

Nilimtazama baba nikingoja ajibu kama anavyowajibu wateja.

"Si yangu, mwalimu. Mtoto kayatunga."

Nilichapwa viboko vinne mbele yake. Maumivu ya viboko yaliisha siku ile ile. Kilichobaki ni lile neno, kayatunga. Kwa miaka nilimhesabu baba kuwa mwoga, nikaapa kwamba nikikua sitamwogopa mtu. Nimetimiza. Kwenye vikao vya wazazi mimi ndiye husimama wa kwanza, hao walimu wakohoe wee, mpaka nimalize.

Nilikuja kumwelewa nikiwa na wanangu. Angesema "ni yangu", angetakiwa kulifungua lile kopo, na sisi watu saba wa nyumba ile tungening'inia kwenye karatasi zilizoliwa na mende. Kopo halikufunguliwa. Lakini tangu siku ile, mteja akija, baba alisimama pembeni kimya. Ule msemo sikuusikia tena kinywani mwake mpaka tunamzika.

Watu husema mdomo huu nimerithi kwake. Nadhani nilimnyang'anya akiwa hai.

Lile shati mama alilifua mara nyingi, lakini duara la kutu halikutoka kwapani. Mimi nilidhani ni uchafu tu. Sasa najua baba alikuwa amelibana lile kopo kwa nguvu kiasi gani.