Mashujaa Waliotua Ngao

Rafiki yangu wa Bungoma anafundisha historia katika shule ya upili, na hasira zake nyingi ni za mambo yaliyotokea kabla hajazaliwa. Mimi naishi Kitale, nauza mbegu na dawa za ng'ombe. Kilichotuunganisha ni gemu ya kompyuta ya vita vya zamani, ambayo watengenezaji wake wa ng'ambo huruhusu wachezaji kuibadilisha wapendavyo. Tukaamua kuongeza humo ngome za udongo za mababu zake, zile zilizozungukwa na mahandaki, pamoja na mashujaa wa kuzilinda. Yeye angeunda watu, mimi kuta. Kwa kuwa ukoo wangu ulihamia Trans-Nzoia kutoka Kenya ya kati na kupata mashamba huku, alinionya mapema nisijimegee kipande cha ngome.

Siku ya majaribio nilimfuata kwake Mabanga, huko Bungoma. Mama yake akavuta kiti awaone wazee wa ukoo kwenye kioo. Maadui wakatokea kando ya mto. Mashujaa wetu, vifua wazi, mikuki juu, wakawatazama kidogo. Kisha wakaweka ngao chini taratibu, kama mtu anayetua gunia la mahindi, wakatimua mbio kupitia lango la nyuma.

"Wanaenda kuita wengine?" mama akauliza.

"Ndio, mama," mwanawe akajibu.

Hawakurudi.

Tukaanza kutafuta ugonjwa. Tuliwaongezea ujasiri hadi mwisho wa kipimo, wakakimbia. Tukapunguza maadui hadi akabaki mmoja, tena majeruhi. Wakamkimbia huyo huyo.

"Si ni wewe umeweka lango kubwa, bana," rafiki yangu akanilaumu. "Umewashawishi."

Nikamwambia labda mababu ndivyo walivyokuwa, historia imewapamba tu. Akainuka kwenda kuulizia ugali.

Baada ya kula nikafungua faili lake, nikalisoma mstari kwa mstari.

"Hawa watu uliwatoa wapi?"

"Kwa gemu yenyewe. Ndio Waafrika pekee waliokuwamo. Nikawavisha ngozi, nikawapa mikuki."

"Na walikuwa akina nani?"

Akajikuna shingo. "Wapagazi. Wa kubebea wazungu mizigo."

Amri yao ya zamani ilikuwa bado imo: ukiona adui, tua mzigo, kimbia. Kompyuta ilikuwa imeihesabu ngao kuwa mzigo. Mimi nilicheka. Yeye alikitazama kioo, akasema, "Hata humu, bana."

Tukaifuta amri hiyo na kuwapa ya askari wa mikuki wa Ulaya. Safari hii walichomoka langoni wote kwa pamoja, wakaiacha ngome tupu, wakauawa mtoni hadi wa mwisho. Maadui waliosalia wakaingia ndani na kupumzika.

"Wamekwisha," nikasema.

"Lakini umeona walikufa wakiangalia wapi?" akauliza kwa fahari. Mama yake akapiga makofi.

Ilituchukua wiki kadhaa kuwafundisha kukaa nyuma ya ukuta na kupigana. Tulipoiweka kazi yetu mtandaoni, mchezaji mmoja wa ng'ambo akalalamika kwamba hawa watu ni wabishi mno, ati si jambo la kihistoria, tuwapunguze nguvu. Rafiki yangu akanipigia simu kunisomea, kwa sauti ya mtu aliyepandishwa cheo.

"Utawapunguza?" nikamuuliza.

"Nitafikiria," akasema, na siku hiyo hiyo akawaongezea mishale.