L ya Deodata

Umewahi kumharibia mtu maisha kwa herufi moja? Mimi nimewahi, tena nikiwa na cheti cha ualimu na mdomo mkubwa wa kuwafundisha watu haki zao.

Kambi ya wakimbizi ya Lukole, wilayani Ngara, ilikuwa ikifungwa. Malori yalikuwa yakiwarudisha Warundi kwao, na mimi nilisimamia chumba cha kompyuta cha shirika moja la misaada, ambapo vijana wa kambini na wa vijijini waliruhusiwa kutumia intaneti. Kila siku niliwahubiria. Habari zetu zinaandikwa na watu waliokaa Ngara siku mbili, wakalala kwenye neti mpya, wakaondoka! Andikeni wenyewe! Mtandaoni hakuna anayeuliza baba yako ni nani!

Aliyeniamini ni Deodata Lukanda. Baba yake ni Msubi wa Nyantakara, kule Biharamulo, lakini yeye alikaa kijijini Mbuba kwa mama yake mdogo, Anjelika, akimsaidia shamba la maharage. Alikuwa amemaliza kidato cha nne. Kwenye daftari lake aliandika kuhusu vilima vilivyokwisha miti, na kuhusu rafiki yake Nimpaye, aliyezaliwa kambini na sasa anaambiwa arudi kwao, mahali asipopajua. Nilisoma yote mara mbili.

Nikamfungulia anwani ya baruapepe.

"Jina la ukoo?"

"Lukanda."

Huku kwetu l na r zinachanganywa, na mimi nilijivunia kutozichanganya. Nikaona ulimi umemteleza. Nikamsahihisha kimyakimya, nikachapa Rukanda.

Kila alipokuja nilimfungulia sanduku mimi mwenyewe. Lilikuwa tupu. Kisha aliingia kwenye kurasa za magazeti yanayotafuta waandishi wa kujitegemea, akajaza fomu, akabandika makala, na chini akaandika anwani yake. Kwa L, kama alivyozaliwa. Alijaza fomu kumi na moja kwa miezi minne.

"Ameshakujibu huyo bwana wa kwenye kioo?" Anjelika alikuwa akimuuliza.

"Bado, mama mdogo."

"Mimi maharage hunijibu kwa miezi mitatu."

Baba yake naye alishatuma ujumbe: kompyuta zikiondoka, Deodata arudi Nyantakara akalime mihogo, mchezo uishe. Deodata akaanza kukonda. Alikuja asubuhi, akatazama sanduku tupu, akasema, "Asante, mwalimu," akatoka. Nikamwambia avumilie. Mimi huyo!

Siku ya mwisho, dishi la intaneti likiwa linasubiri kushushwa kesho yake, aliniomba nimchapie karatasi yenye anwani yake. Alitaka kuibandika ukutani Nyantakara. Printa ikaitoa. Akaitazama sana.

"Mwalimu, huyu Rukanda ni nani?"

"Ni wewe."

"Mimi si huyu."

Nikamweleza. Hakulia. Alicheka kidogo, kicheko kibaya kuliko kilio.

"Miezi minne najiona sifai kitu. Kumbe nilikuwa natafutwa, ila mwalimu alinibatiza jina lingine."

Tukaketi kwenye kompyuta mbili, tukawaandikia wahariri wote kumi na moja. Ilibaki saa moja jenereta izimwe. Likaja jibu moja tu, la mhariri mmoja wa Dar es Salaam: "Tulikujibu mara mbili, barua zikarudi. Nafasi ameshapewa mwingine. Lakini kama uko hapo, nahitaji maneno mia tatu kuhusu malori ya mwisho, kabla ya saa nne kesho asubuhi. Yakinifaa, tutaendelea." Chini palikuwa na namba ya simu. Deodata akainakili kiganjani. Kioo kikawa cheusi.

Kesho yake saa tatu na nusu, dishi likiwa limeshalazwa ndani ya lori, nilipanda Mbuba kumtafuta. Nilimkuta kwenye mwamba ulio juu ya shamba, mahali pekee ambapo simu ya Anjelika ilishika mtandao. Alishika daftari mkono mmoja, akipiga kelele kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde.

"Hapana, dada mhariri! Nimpaye! N ya Ngara! Ndiyo, alipanda lori la tatu, ameshika kuku. Kuku! Mama yake anaitwa Iradukunda, R ya Rulenge, usiweke L!"

Anjelika alikuwa amesimama kando na jembe begani, amekuja kumwita shambani. Simu ikalia mlio wa chaji kwisha.

"Nimemaliza, dada. Ndiyo, yote. Jina langu? Deodata Lukanda. L. L ya Lu—"

Simu ikazima.

Anjelika akamtazama. "Amesikia?"

Deodata akafungua simu, akatoa betri, akaifuta kwa kanga, akailaza juani juu ya mwamba ipate chaji ya dakika moja, akaketi kando yake.

Anjelika akashusha jembe.