Nobu ya Chuma

Kosa langu lilianzia kwenye urembo. Jirani yetu hapa Mbotela, bibi mjane mwenye asili ya pwani, aliniletea redio ya marehemu mumewe, ile ya boksi la mbao na vali za kioo, zile taa ndogo za ndani, iliyokuwa bubu miaka mingi. Niliihangaikia wiki mbili mpaka ikaimba. Nobu ya kuzungushia sauti ilikuwa ya plastiki, tena ina ufa. Gundi kidogo ingetosha. Mimi nikaona haipendezi, nikafunga nyingine ya chuma inayong'aa kama kijiko kipya. Kizuri chajiuza, nikajisemea.

Nilimpelekea mchana. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi, kwa hiyo nikaichomeka redio, nikaiwasha na kufungulia sauti hadi mwisho, kama tufanyavyo wengi, ili stima ikirudi tujue.

"Ikianza kelele, bibi, punguza hapa tu," nikamwambia, nikimwonyesha ile nobu.

Niliporudi kibandani kwangu nikaiona nobu ya zamani ndani ya mkebe wa vipuri, nikakumbuka. Kwenye redio za aina ile, stima inaweza kupita hadi kwenye fremu ya chuma ya ndani, na kutoka hapo hadi kwenye kijiti kinachoshika nobu. Ndiyo maana waliozitengeneza waliweka plastiki. Nilijua! Fundi aliyenifunza kazi aliwahi kunizaba kofi kwa jambo hilo hilo. Lakini nilikuwa nimeijaribu nikiwa nimesimama juu ya ubao mkavu, sikuhisi kitu. Sakafu ya bibi ni saruji, nayo hupitisha stima, na saa ya kutia udhu ilikuwa imekaribia. Nikamwona akilini akiishika kwa mkono wenye maji.

Nikapiga simu. Imezimwa. Angeichaji kwa stima gani?

Nikatoka mbio. Mtu mzima anayekimbia mtaani kwetu hutazamwa mara mbili, na jamaa mmoja wa bodaboda akanipigia kelele, "Niaje fundi, kwani umeiba?" Nikazidi kukaza mwendo. Mimi ninayelaani kila stima ikipotea, siku hiyo nilimwomba Mungu isirudi. Nilipofika kona ya mwisho, mashine ya kinyozi ikaanza kunguruma na wateja wake wakashangilia.

Nikaisikia redio kabla sijaufikia mlango. Ilikuwa ikipayuka, kisha sauti ikashuka ghafla. Ameishika. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu. Niliingia bila kupiga hodi.

Bibi alikuwa wima kando ya meza, akipuliza vidole.

"Fundi, mbona wahema hivyo? Hii redio yako yauma."

"Usiiguse!" Nikauvuta waya hadi plagi ikachomoka, nikakaa chini.

Mikono yake ilikuwa mikavu na miguuni alivaa ndala za mpira. Nilizikodolea macho mpaka akacheka.

"Wazitaka? Ngoja basi. Nilikuwa naenda kuzivua nitie udhu, kisha nije niipunguze tena, bado yapiga kelele."

Sikuweza kucheka naye. Nikafungua nobu kwa bisibisi, nikaitia mfukoni.

"Imeharibika tena?" akauliza.

"Mimi ndiye niliyeiharibu, bibi."

"Sasa mbona waitoa hiyo?" akasema kwa masikitiko. "Hiyo ndiyo iliyonipendeza."