Nilivyounda gitaa la kwaya kwa kujifanya najua, yakanikuta Nansio

Wakuu, habari za saa hizi.

Jana humu watu walikuwa wanabishana kama mtu anaweza kujiundia gitaa la umeme nyumbani. Nikasema niwape yangu. Siongezi chumvi, yenyewe ilikuja na chumvi yake.

Ilikuwa miaka ya tisini, enzi za ruksa. Mimi kijana wa Mabatini, fundi redio. Redio na deki za kila namna zilikuwa zinaingia mjini na zote nilizifungua, basi kichwa kikavimba.

Jumapili nilikuwa napiga gitaa kwaya ya parokia.

Gitaa letu lilikuwa zee, shingo imefungwa waya. Padri mmoja aliyewahi kukaa kwetu, akarudi kwao Ulaya, akaandika barua kwamba anatutumia gitaa jipya la umeme. Mimi ndiye niliyesimama kikaoni nikasema lile zee tuwape wenzetu wa kigango cha Kiseke, wao hawana kitu. Wakanisikiliza. Likaenda.

Boksi likafika. Kufungua, mama yangu! Ubao mweupe haujapakwa hata rangi, shingo peke yake, skrubu kwenye mfuko, waya, na maelezo kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Lilikuwa kit, la kuunda mwenyewe.

Mwalimu wetu wa kwaya, Mama Veronika, mpole lakini jicho kali, akanigeukia.

"Deo, hii kitu unaijua au huijui?"

"Naijua, Mwalimu. Kazi ndogo."

Wakuu, nilikuwa siijui hata kidogo. Na wiki tatu mbele tulikuwa na mwaliko Nansio, kule kisiwani, sikukuu ya parokia ya huko, kwaya kibao zinakuja. Gitaa la zamani nimeshaligawa kwa mdomo wangu.

Waya hazikunisumbua, kuchomea ndiyo ugali wangu. Kilichonisumbua ni mbao. Shingo inakaa kwenye shimo la ubao, inabanwa kwa skrubu nne. Shimo likanibana kidogo, nikasugua msasa. Nikasugua tena. Nilipokuja kushtuka, shingo inacheza kama jino bovu.

Kurudi kwa Mwalimu nikaona aibu. Nikalibeba mpaka mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, kwa Mzee Magesa, fundi mitumbwi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leta nione." Akapitisha ukucha kwenye ule uwazi. "Ah, mbao ikiachia si inazibwa tu?"

Akachovya pamba kwenye mafuta mazito ya kuzibia mitumbwi, akaishindilia kwa patasi butu. Tukakaza skrubu, kimya, haitikisiki. Tukalipiga na vanishi. Liling'aa, acha kabisa.

Nikafunga nyuzi, nikazipandisha sauti. Baada ya wimbo mmoja zimeshuka. Nikapandisha, zikashuka. Nikajiambia ni nyuzi mpya, zitazoea. Moyoni najua najidanganya. Siku zile nilikuwa nakula nusu sahani, mama akadhani nina malaria.

Tukapanda meli Jumamosi. Njia nzima nafungua mfuko, nalitazama, nafunga. Mwenzangu mmoja akaniuliza kama nimebeba mtoto mchanga.

Jumapili Nansio jua lilikuwa kali si mchezo, na kwaya tulipangwa nje. Nikashika gitaa nijaribu. Nyuzi zimelala chali! Napandisha, naona kabisa shingo inasogea. Kutazama joho langu jeupe, doa la mafuta kifuani. Lile jua lilikuwa limeyayeyusha, yanachuruzika kwenye kiungo.

Hapo ndipo akili ikanijia. Pamba ya mtumbwi inavimba kwa sababu mtumbwi unaingia majini. Gitaa linaingia maji gani?

Kijasho chembamba kikanitoka. Niliogopa, sifichi. Wenzangu ishirini na nane wamepiga pasi majoho, wamevuka ziwa, na mimi ndiye niliyewaponza.

Mwalimu akaja. "Deo, kuna nini?"

Neno "hakuna kitu" lilikuwa mdomoni tayari. Nikalimeza.

"Mwalimu, nilikudanganya. Tangu siku ile nilikuwa sijui."

Akatazama doa kwenye joho langu. Nilitamani ardhi inimeze.

"Na sasa hivi, unajua nini?"

"Najua kwamba kinachotakiwa kushika hakipakwi mafuta."

"Basi anzia hapo. Mimi naenda kuomba tuwe wa mwisho."

Nikakimbilia jikoni kwa akina mama waliokuwa wanapika pilau, nikaomba majivu. Nikafungua skrubu, nikachokonoa pamba yote, nikasugua mafuta kwa majivu mpaka mbao ikakauka. Sasa nizibe na nini? Redio kitufe kikilegea tunakibana kwa karatasi ngumu. Nikajipapasa mifukoni. Nilikuwa na kadi ya uanakwaya tu, yenye picha yangu.

Nikaikata vipande viwili kwa wembe. Kimoja chini, kimoja ubavuni. Nikakaza skrubu.

Tulipoitwa, nyimbo tatu nzima sikutazama watu, natazama shingo tu. Haikusogea. Wimbo wa tatu akina mama wa Nansio wakapiga vigelegele, ndipo nikakumbuka kuvuta pumzi.

Mwalimu hakunisifu. Wiki iliyofuata mazoezini, anakagua kadi, akafika kwangu.

"Yako?"

"Imo ndani ya gitaa, Mwalimu."

Watu wakavunjika mbavu. Yeye hakucheka. "Basi hutoki kwaya hii mpaka gitaa life."

Funzo langu, wakuu: "sijui" ukiisema mapema ni neno dogo tu. Ukiichelewesha, unaisema mbele ya watu huku joho lina mafuta.

Juzi niliitwa nibadilishe waya za gitaa lile lile. Mwalimu alishatangulia mbele za haki. Nikafungua shingo, nikamkuta kijana mmoja kwenye picha ya ile kadi ananitazama kwa kujiamini kweli, kakatwa nusu. Nilikuwa na plastiki nzuri ya kuweka pale. Nikairudisha mfukoni, na yule kijana nikamwacha alipo, maana gitaa bado zima.

Haya, nani mwingine "najua" yake iliwahi kumtoa jasho? Shusheni hapa chini, leo zamu yangu kucheka.