Diski Zilizosuguliwa kwa Majivu

Pikapu ya kijiji chetu cha ujamaa ilikuwa mali ya wote, ndiyo maana hakuna aliyeiosha. Mzungu mwenye shamba la matunda aliiacha alipoondoka, kijiji kikakabidhiwa, na mimi niliyekuwa dereva wake nikakabidhiwa pamoja nayo, kama jeki na tairi la akiba. Kwenye orodha ya katibu niliandikwa chini ya jeki.

Kati ya kijiji na hospitali kulikuwa na kilima cha udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, gurudumu moja la nyuma lilizunguka kwenye tope kama mlevi, na lenzake limetulia tu linatazama. Difu ya kawaida, ule mtambo wa nyuma unaogawia magurudumu nguvu, ndivyo ilivyo: nguvu zote inampa anayeteleza, aliyesimama imara hapati kitu. Nilipomweleza mwenyekiti hivyo, alitazama huku na huku, akaniambia nisiyarudie maneno hayo mkutanoni.

Mimi sikuwa nafanya siasa. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kwenye kilima kile, ndani ya pikapu iliyokwama, akafa kabla hatujajinasua. Mama mkwe wangu ndiye aliyempokea, akamfunga kwa khanga yake. Mimi nilikuwa nimeshika usukani, nakanyaga mafuta, gurudumu moja linazunguka. Hasira ya siku ile ninayo mpaka leo. Sasa mke wangu alikuwa mjamzito tena, na hesabu ya miezi iliangukia katikati ya masika.

Kule chini Mombo, kwenye shamba la mkonge lililokuwa limechukuliwa na serikali, niliikuta pikapu kama yetu imelala kwenye lundo la vyuma. Difu yake ilikuwa ya aina nyingine. Ndani mna diski zilizobanana. Gurudumu moja likianza kuteleza, zinalishika na kulilazimisha lenzake nalo livute. Nikaenda na barua ya kijiji yenye mihuri mitatu, nikarudi na difu mgongoni mwa lori la kabichi.

Gereji ya kijiji ilikuwa imegeuzwa ghala la maharage, na ufunguo alikuwa nao katibu, na katibu alikuwa semina. Basi nikaifungulia difu uani kwangu, juu ya majani ya migomba. Meno yalikuwa mazima. Beringi zilizunguka vizuri bila kelele. Lakini diski, ole wangu! Zilikuwa zimeng'aa, laini kama kioo, na diski inayong'aa haishiki kitu. Niliandika Dar es Salaam kuomba mpya. Wakajibu haraka sana kwamba ombi langu linashughulikiwa. Nadhani bado linashughulikiwa.

Nikazipanga diski kwa mstari, kila moja kwa zamu iliyotokea, ili nizirudishe hivyohivyo, halafu nikaenda dukani kupanga foleni ya mafuta ya taa ya kusafishia. Niliporudi, nilisikia wimbo uani.

Mama mkwe alikuwa ameitisha msaragambo. Kwetu kazi ya mtu ikimzidi, majirani wanakuja kumsaidia bila kuulizwa, na hapo ndipo penye hatari. Akina mama saba walikuwa wamechuchumaa, kila mmoja na diski yake, wanasugua kwa majivu na mchanga kama masufuria ya harusi. Zilizokuwa tayari walikuwa wamezipanga vizuri, kubwa chini, ndogo juu.

Fundi mwingine angepiga kelele, na mimi nina ulimi mkali, kijiji kizima kinajua. Lakini mama mkwe hafokewi. Kwetu hata kumtazama usoni ni utovu wa adabu. Akipita njiani unamwachia njia. Nikameza mate. Nikainama, mpaka kidevu kikagusa kifua, ili asiuone uso wangu.

"Hongea sana, mama," nikamshukuru kwa Kishambaa. "Mmenisaidia mno."

Lilikuwa kosa kubwa. Shukrani ile ilimwingia hasa, akaitangaza hadi kanisani, na kesho yake asubuhi alirudi na wenzake kumi na wawili kuja kumalizia vilivyobaki. Beringi niliwahi kuzificha kwenye chungu chini ya kitanda. Mchanga ungeingia humo, ningekwisha. Mke wangu alicheka hadi akashika tumbo.

Nikakaa na zile diski siku nzima, nazigeuzageuza juani kama mtu anayekagua maharage. Ndipo nikaona. Ule mng'ao ulikuwa umekwisha. Uso wa kila diski ulikuwa na mikwaruzo midogo midogo, na nilipozibana mbili kwa vidole hazikutaka kupishana. Jamani! Zamu niliibahatisha kwa kutazama alama za kuchakaa, nikafunga difu, nikaipachika kwenye pikapu. Kisha nikanyanyua gurudumu moja kwa jeki, nikatoa gia, nikalifungia bomba refu la chuma na kuning'iniza ndoo ya maji kwenye ncha. Halikusogea. Ndoo ya pili, kimya. Nikaning'inia mwenyewe, likazunguka polepole, linaguna. Nilicheka peke yangu kama kichaa.

Mwenyekiti alikuja kuona. Akasema hii ndiyo difu ya ujamaa, wote wanavuta. Nilimwomba anisaidie kushusha jeki, akakumbuka ana kikao.

Uchungu ulimshika mke wangu asubuhi ya siku ya soko, mvua inamwagika. Mimi kwenye usukani, yeye katikati, mama mkwe mlangoni amegeukia dirisha, maana siku hiyo heshima ilibidi ikae kiti kimoja na mimi. Kwenye kilima gurudumu la kushoto likazama, likaanza kuzunguka. Halafu nyuma kukaguna, la kulia likashika, na pikapu ikapanda, polepole, hadi juu.

Binti yetu alizaliwa hospitalini saa nane mchana, kitandani, ndani ya nyumba yenye paa. Mama mkwe alitoka naye barazani, amemfunga kwa khanga, akasimama kunipa mgongo kama inavyopasa.

"Vile vyuma vyako," alisema, akitazama mvua, "niliambiwa ndivyo vitakavyopanda kilima. Nilivisugua kwa ajili ya yule wa kwanza. Vidole vilitoka damu."

Miezi yote ile niliwasimulia madereva wenzangu kisa cha wanawake na majivu, tukacheka.

"Hongea, mama," nikasema. Safari hii sikuinama. Akageuka, akanitazama usoni, akanikabidhi mtoto.